Kabla Profesa Hajatia Sahihi

Kwa miaka kumi na minane wanafunzi wa chuo kikuu walikuja kwangu mmoja mmoja, wakaketi kwenye benchi langu, wakanisomea mambo ambayo mimi sikuyasomea. Mimi ni katekista mzee. Nimewafundisha watoto wa parokia yetu sala na amri za Mungu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na elimu yangu ya darasani haikupita miaka miwili ya seminari ndogo. Siasa za kimataifa si kazi yangu. Lakini jirani yangu alikuwa profesa wa siasa za kimataifa, na alikuwa na desturi ambayo sijaisikia kwa profesa mwingine. Hakutia sahihi memwari, ile kazi ya mwisho ya mwanafunzi, mpaka mwanafunzi huyo azunguke ukuta wa mawe unaotutenga, aje kwangu, anisomee yote kwa Kifaransa, kisha anieleze kwa Kiswahili, na mimi niseme, "Nimeelewa."

Nikisema hivyo, alitia sahihi. Nikisema sijaelewa, mwanafunzi alirudi kuandika upya.

Sitaandika Profesa alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Hapa Goma siku hizi maswali hayo hayaulizwi kwa nia njema. Nitaandika niliyoyaona nikiwa upande wangu wa ukuta.

Desturi hiyo ilianza kwa sababu ya maji ya mvua. Sisi tunakaa mtaa wa Mapendo, na chini yetu kote ni mawe ya volkeno. Bati la nyumba yake lilikuwa likimwaga maji kwenye kiwanja changu, na maji yakawa yanaingia jikoni kwa mke wangu. Nikamwambia. Badala ya kuja tukazungumza, aliniandikia barua ya Kifaransa, kurasa tatu, yenye vifungu: kifungu cha kwanza, cha pili, mpaka cha tisa. Nikamjibu kwa mdomo kwamba jikoni bado kuna maji. Akaandika ya pili, kisha ya tatu. Miaka miwili tuliishi hivyo. Yeye anafundisha vijana namna mataifa yanavyopatana, mimi nafundisha watoto kumpenda jirani, na hatusalimiani vizuri kwa ajili ya bati.

Mke wangu ndiye aliyemaliza vita. Asubuhi moja aliviringisha pipa tupu, akalisimamisha pale maji yalipoangukia, akamwita kwa juu ya ukuta.

"Prof! Maji yako iko hapa. Tutafulia nayo. Siku ukikosa ya kuoga, kuya uchote."

Profesa alitoka, akalitazama lile pipa kwa muda mrefu kama mtu anayesoma.

"Na barua zangu, mama?"

"Zile? Muzee hakuelewa hata moja. Nilifunikia nazo maharagwe."

Nilidhani atakasirika. Alicheka mpaka akashika ukuta. Siku ileile alikuja kwangu akiwa amefunga tai, kama mtu anayekwenda kwa askofu, akaniomba msamaha. Kisha akasema, "Muzee, nimeandika barua tatu kwa mutu ninayemuona kila siku, na hakuelewa. Sasa banafunzi yangu banaandikia nani?" Juma lililofuata akaja mwanafunzi wa kwanza, amekumbatia makaratasi yake, hajui kwa nini ametumwa kwa katekista.

Tai hiyo sikumwona akiivua kamwe. Mlima ulipotema moto na mji mzima ukakimbilia njia ya Sake, niliona wenzetu wamebeba magodoro, masufuria, mbuzi. Yeye alikuwa amekodi chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili tunalobebea mizigo, akalijaza memwari za wanafunzi wake. Godoro lake aliliacha. Tulilala chini siku tatu, yeye akiweka kichwa juu ya kazi za vijana wake, shingo imenyooka kwa tai. Mke wangu akamwuliza, "Prof, hizo karatasi utazila?" Akajibu, "Mama, godoro iko sokoni. Hizi haziko popote."

Darasani kwake niliingia mara moja tu, kwa mwaliko wake. Alikuwa amewagawa wanafunzi katika makundi, kila kundi liseme kwa niaba ya upande mmoja wa vita yetu. Sheria yake ilikuwa ngumu. Hakuna aliyeruhusiwa kusemea upande wake mwenyewe. Alimwinua kijana mmoja mrefu aliyekuwa amekaa nyuma.

"Mimi, Prof? Niseme juu ya bale?"

"Wewe njo nimekuchagua, ni wewe."

"Bale baliua mujomba wangu."

Profesa hakushusha macho.

"Pole, mutoto yangu. Njo maana utasema vizuri kuliko wengine. Unabajua. Utuambie banaogopa nini."

Yule kijana alisimama, akakaa, akasimama tena. Mwishoni akasema. Alisema huku machozi yanamtoka, na aliyosema yalikuwa na akili. Wengine walimpigia makofi. Tulipokuwa tukirudi nyumbani kwa miguu nilimsifu Profesa. Akatikisa kichwa. "Sijui kama nimemufundisha ao nimemuumiza," akasema.

Alikuwa na ulimi mkali. Aliweza kuchana kurasa kumi mbele ya mwenye kazi na kumwambia aende akalime. Jioni utamwona anamfuata mwanafunzi huyohuyo barabarani na sahani iliyofunikwa. Wasichana na wavulana waliokosa pa kukaa walilala sebuleni kwake katikati ya marundo ya karatasi. Aliwahi kupanda pikipiki mpaka Rutshuru kumwomba mzee mmoja amwache binti yake aendelee na masomo, na yule mzee akamweka nje nusu siku kabla ya kumpa kiti. Alirudi mweupe kwa vumbi, akasema tu, "Amekubali. Amesema nina kichwa kigumu kama cha binti yake." Huyo binti nitarudi kwake.

Picha za viongozi wakipeana mikono baada ya kutia sahihi mikataba ya amani, alizibandika ukutani kwa wingi. Wanafunzi wapya walipokuja kumsalimu aliwauliza wanaona nini. Mmoja alisema bendera, mwingine kalamu, mwingine tabasamu. "Angalieni viatu," alisema. "Mutafute mumoja mwenye tope." Hawakumpata.

Kitabu chake mwenyewe hakikuisha kamwe. Kilihusu mikataba hiyo. Kila mara alipofika sura ya mwisho, mkataba mwingine ulitiwa sahihi, na sura ya mwisho ikawa si ya mwisho.

Kanisani alikuja kila Dominika, lakini hakuvuka mlango. Alisimama pale kwenye kizingiti, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Nilipomwuliza alijibu, "Papa Katekista, mimi niko mwangalizi. Niko na kiti, sina kura." Nilimwombea kwa subira, kama ninavyowaombea watoto wanaochelewa kushika Baba Yetu. Namshukuru Mungu kwa ajili yake hata leo, ingawa ninayopaswa kuandika sasa si ya kushukuria.

Kati ya wote waliokaa kwenye benchi langu, mmoja nilimpenda kupita wengine. Nitamwita Mwenye Sauti. Aliposoma, hata kuku wa mke wangu walinyamaza. Alikuja kwangu mwaka wa kumi wa desturi yetu, wakati mimi nilikuwa nimekwisha kuzoea kuitwa Papa Katekista na watu wenye diploma. Mwanzoni, wanafunzi wa kwanza, nilikuwa nawaambia wazi: mwanangu, sijaelewa. Waliumia, na mimi sikujali. Lakini heshima ni kama pombe ya ndizi, inaingia taratibu. Parokiani watu walianza kusema kwamba hakuna memwari inayopita bila katekista. Nikaanza kuona aibu kutoelewa.

Mwenye Sauti alisoma tangu asubuhi mpaka jua lilipofika utosini. Kifaransa chake kilikuwa kizuri kama wimbo wa Pasaka. Alipomaliza alipaswa kunieleza kwa Kiswahili. Hakunieleza. Aliniuliza tu, "Papa Katekista, umeelewa?" Na mimi nikasema, "Nimeelewa, mwanangu." Akapiga magoti nimbariki. Nikamwekea mkono kichwani.

Miaka ikapita. Wengine walikwenda mbali. Wengine wanaendesha pikipiki za abiria hapa mjini, na diploma zao ziko ndani ya masanduku. Wawili nilisaidia kuwazika. Jumamosi moja asubuhi, Profesa na mimi tulikuwa tumekaa karibu na lile pipa, redio yake iko juu ya ukuta. Akasikika msemaji wa kundi moja la wenye silaha. Nikaijua ile sauti kabla haijataja jina. Nikamtazama Profesa, na yeye alikuwa ameijua kabla yangu.

Kulikuwa na maneno ambayo Profesa aliyafundisha kila mwaka, na wanafunzi wote walinisomea mahali fulani katika kazi zao: "Mpaka hauchorwi na kalamu, unachorwa na miguu ya wanaokimbia." Aliyasema kwa huzuni, ili vijana wakisoma ramani wasiwasahau wakimbizi. Sasa Mwenye Sauti akayasema redioni, neno kwa neno, kwa uzuri uleule. Akaendelea: watu wa vilima vile wamekwisha kukimbia, kwa hiyo mpaka umekwisha kuhama, na kundi lake halitarudisha kilima hata kimoja.

Profesa aliizima redio.

"Ile ni yangu," akasema.

"Maneno ni yako, Prof. Kuyageuza ni kazi yake."

"Hapana. Mimi njo nilimufundisha kusema. Na wewe ulisema umeelewa."

Siku hiyo aliiweka kalamu yake ndani ya droo. Aliendelea kufundisha, lakini sahihi hakutia tena. Wanafunzi waliokuwa chini yake aliwapeleka kwa wenzake. "Sitatoa tena mutu anayejua kusema," aliniambia. Wote wakapata walimu wengine isipokuwa mmoja, yule binti wa Rutshuru ambaye baba yake alimweka Profesa nje nusu siku. Kazi yake hakuna mwalimu aliyeitaka. Wengine walisema haina vitabu vya kutosha, wengine walisema ina hatari. Bila sahihi ya mwalimu hawezi kusimama mbele ya majaji wa chuo, na miaka saba ya masomo, iliyokatwakatwa na kukimbia, inakuwa si kitu.

Kisha mji ukaingiliwa na wenye silaha. Ndege zikaacha kutua, benki zikafunga milango, na walimu wengi wakaondoka. Profesa akabaki, kwa sababu miguu yake ilikuwa imevimba kwa ugonjwa wa sukari na kwa sababu, alisema, mwangalizi haondoki kabla ya kuandika ripoti. Binti wa Rutshuru alikuwa katika kambi ya Kibati na watoto wake wawili. Kambi ilipobomolewa alirudi kwao, na makaratasi yake ndani ya mfuko wa plastiki chini ya kitenge, mahali mama wengine wanapofunga mtoto.

Kila Dominika baada ya misa nilikwenda kwa Profesa kumwombea huyo mwanamke sahihi. Kila Dominika alinipa chai na kunikatalia. Yapata mwaka mzima. Siku moja badala ya kukataa aliniuliza.

"Muzee, nikuulize kitu. Yule wa redio. Alipokusomea, ulielewa nini?"

Nilikuwa na umri wa kutosha kudanganya vizuri. Lakini nilikuwa nimetoka kupokea Komunyo muda mfupi tu.

"Sikuelewa kitu," nikasema. "Sauti yake ilinipendeza. Na nilikuwa naona haya kusema sijui."

Hakupaza sauti. Aliweka kikombe chini polepole.

"Wangapi?"

"Yeye. Na wengine baada yake. Sijui hesabu."

"Kwa hiyo nilitia sahihi yangu juu ya haya yako."

Niliungama kwa padri juma lile na nikapewa malipizi, na nikayafanya. Lakini padri hakuwa yeye niliyemkosea. Dirisha la Profesa lilibaki limefungwa Dominika mbili. Mke wangu alimpelekea sombe ya majani ya muhogo, ikarudi sahani tupu bila neno. Dominika ya tatu nikasikia ananiita kwa juu ya ukuta, sauti nyembamba.

"Muzee! Muite yule mama ya Rutshuru. Asome mbele yetu sisi wawili. Na wewe usitikise kichwa."

Siku ya kusomewa ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kukaa naye. Siku chache baadaye watoto wa Profesa walikuja wakamvusha mpaka wa nchi, na nyumba ile sasa ina watu wengine. Basi nieleze siku hiyo vizuri.

Yule mwanamke alifika kwa pikipiki kabla ya saa sita, midomo imekauka. Profesa alikuwa kitini, miguu juu ya rundo la memwari zilizookolewa na chukudu, tai shingoni. Hakumpa hata nafasi ya kupumzika.

"Ulichelewa."

"Prof, nimechelewa mwaka mumoja na nusu. Saa moja ingine inakusumbua nini?"

Nikaona mdomo wake unataka kucheka. "Soma," akasema.

Alisoma. Kazi yake ilihusu namna vijiji vya njia ya Rutshuru vinavyopokea habari za mikataba ya amani. Alikuwa amekwenda kijiji kwa kijiji, kwa miguu, kuuliza. Mahali pa kwanza nilipopotea nilisema, "Sijaelewa." Akaeleza. Mahali pa pili nikasema tena. Profesa alinitazama, na kwa macho yake nikajua ameanza kunisamehe. Nilisema "sijaelewa" mara tisa siku ile.

Kisha akafika kwenye jambo alilolikuta. Tangazo la vita, alisema, halikuwashtua wanawake wa vijiji vile. Walipoogopa ni pale redio iliposema mkataba umetiwa sahihi. Usiku ule wa furaha mjini, wao walianza kufunga mizigo.

"Kwa nini?" nikauliza. "Eleza polepole."

"Papa Katekista, wakati wa vita tunajua. Adui iko kilima ile, barabara hii imefungwa, shamba hili tunaweza kulima. Wakisaini, kila mutu mwenye bunduki anataka kuwa na kilima kimoja zaidi mbele ya vilima kuhesabiwa. Hapo hatujue tena risasi itatoka wapi. Bibi yangu njo alinifundisha. Akisikia amani kwenye redio, anaanika maharagwe ya njia."

Picha za viongozi zilikuwa pale ukutani nyuma yake, mikono imeshikana, viatu vinang'aa.

Zikabaki kurasa za mwisho. Kila memwari huishia kwa mapendekezo: kwa serikali hiki, kwa mataifa hiki, kwa viongozi wa kijiji hiki. Profesa hakuwahi kumsamehe aliyeyakosa. Mutu asiye na pendekezo, alizoea kusema, hajamaliza, amelia tu. Yule mwanamke aligeuza ukurasa, akaacha kusoma.

"Mapendekezo?" Profesa akauliza.

"Njo hiyo."

Akanyoosha mkono, akapewa karatasi. Nami niliiona. Juu kulikuwa na neno moja, Mapendekezo, na chini yake karatasi nyeupe tupu.

"Haina kitu."

"Niliandika, Prof. Kibati niliandika, nikafuta. Nyumbani niliandika, nikafuta. Kila kitu nilichoandika, kilikuwa kimeandikwa tayari kwa mukataba fulani. Nilibakiza ukurasa ili msidhani nilisahau."

Nilidhani atauchana. Miaka yote niliyomjua angeuchana. Aliulaza juu ya magoti yake, akaniambia, "Muzee, droo ya chini." Nikamletea kalamu. Ilikuwa imekauka. Akailamba ncha kama mtoto wa shule, akajaribu kwenye kiganja chake mpaka wino ukatoka, akatia sahihi. Hakuitia mbele tu, mahali pa mwalimu. Alitia na pale chini ya ukurasa mtupu.

"Utaipeleka wapi sasa?" nikamwuliza yule mwanamke.

"Sekretaria ya chuo imefungwa. Wanasema tungoje." Alikuwa anairudisha kazi yake ndani ya plastiki, anakunja polepole. "Nitangoja. Asante, Prof. Asante, Papa Katekista."

Aliondoka mapema ili asikutwe na giza njiani. Ninapoandika haya bado hajaitwa kuitetea.

Tulibaki wawili. Nje mke wangu alikuwa anachota maji kwenye pipa. Nilitafuta neno la faraja, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, na Mungu ni shahidi kwamba nilitafuta kwa bidii. Profesa hakugeuka. Alikuwa anatazama barabara ambako pikipiki ilikuwa imepita.

"Muzee," akasema, "umeelewa?"

"Nimeelewa, Prof."

Safari hii nilisema kweli, na nilitamani ningekuwa nadanganya.